Kupima Ushahidi: Utafiti wa Insia na Historia ya Maji Maji



Hoja yangu jioni hii ni moja: fani za insia zinastahili nafasi chuo kikuu kwa sababu zinafundisha kupima ushahidi, na somo hilo halifundishiki bila utafiti. Nitaitetea kwa historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kwa miongo kadhaa maandishi mengi juu ya vita hivyo yalitoka kwa watawala wa Kijerumani waliopigwa vita. Gavana von Götzen alichapisha kitabu chake mwaka 1909, akawapa waganga nafasi kubwa katika kueleza chanzo. Miaka ya 1960 Gilbert Gwassa, na baadaye wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam kupitia mradi wa utafiti wa 1968, walikwenda kuwahoji wazee wa kusini mwa Tanzania. Umatumbini walisikia habari za shamba la pamba: kazi ya lazima chini ya akida, viboko, ujira usiotosha kitu, na mashamba ya nyumbani yakiota magugu. Hapo ndipo kung'olewa kwa pamba huko Nandete, Umatumbini, Julai 1905, kulipoeleweka kuwa ni uamuzi wa watu waliojua wanachokikataa.

Wapo watakaosema kumbukumbu za mzee baada ya miaka 60 haziaminiki. Ni kweli zinapungua na kuongezeka, na ndiyo maana mtafiti humuuliza msimulizi aliona au alisimuliwa, na nani, kisha hulinganisha kijiji na kijiji, na masimulizi na majalada ya Wajerumani. Jalada nalo liliandikwa na ofisa aliyetakiwa kujieleza kwa wakubwa wake. Wengine watasema kizazi kile kilitafuta mashujaa wa taifa jipya, kikautia chumvi umoja wa wapiganaji. Lawama hiyo ina uzito. Lakini walioisahihisha historia ya kizazi hicho, wakiwemo James Giblin na Jamie Monson katika kitabu walichokihariri mwaka 2010, walipata pa kuanzia kwa kuwa masimulizi yale yaliandikwa na kutunzwa.

Lipo pia pingamizi kwamba nchi inahitaji kwanza wahandisi na madaktari. Inawahitaji sana. Hata hivyo, mgogoro wa ardhi huamuliwa kwa hati na mashahidi, na anayeusikiliza bila kujua kupima maneno yao atamdhulumu mwenye haki.

Kwa hiyo mwanafunzi wa insia asihitimu kwa kukariri mihadhara yetu. Aende akahoji, alinganishe, aandike, na alichokusanya kiwekwe maktaba pamoja na jina la kijiji na tarehe, ili atakayekuja kutupinga awe na ushahidi wa kutupinga nao.