Mashine Iliyokataa Kuamka

Ninyi mlio Olenguruone, najua ukungu wa Mau bado uko mlangoni na jiko ndilo rafiki yenu asubuhi hii. Isogezeni redio karibu. Leo nataka tuzungumze juu ya kompyuta ndogo ya kukunjwa, ile vijana waiitayo laptopu, ambayo imetiwa Windows upya na sasa inakataa kuamka.

Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akina mama wachuma chai, alinijia siku moja akiwa ameifunga mashine yake katika leso kama mtoto mgonjwa. Ndani yake mlikuwa hesabu zote za akiba ya wenzake. Daftari zao za kwanza ziliteketea pamoja na nyumba katika machafuko ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, na ndiyo sababu baadaye walichanga fedha wakanunua mashine.

Ilikuwa imezeeka na kuwa nzito, basi kijana fundi akaitia Windows 10 upya. Windows 11 isingekubali, kwa maana yataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na mashine ile haikuwa nayo. Kazi ikaisha vema. Kisha kijana akaifungua, akatoa betri apate kupangusa vumbi. Alipoifunga na kuiwasha, kioo kikawa cheusi, na maneno meupe yakasema hapana diski ya kuanzia.

Kijana akasema, "Mama, tufute yote tuanze tena."

Mama akamjibu, "Mwanangu, ukifuta yote, nitawaambia nini wenzangu?"

Ndugu msikilizaji, mashine ikisema haioni pa kuanzia, haijasema kwamba diski ni tupu. Ni kama mgeni aliyeingia kijijini usiku akaelekezwa njia siyo: nyumba ipo na wenyeji wamo, ila yeye hajafika. Kabla ya Windows kuamka kuna programu ndogo ndani ya mashine, BIOS, ambayo katika mashine za karibuni huitwa UEFI. Kazi yake ni kuitafuta Windows, nayo hutafuta pale tu ilipoagizwa.

Basi tulianza na mepesi. Tukachomoa flashi iliyotumika kutia Windows, maana wengi wamehangaika bure kwa kuisahau pale ubavuni. Tukachomoa chaja, tukashikilia swichi nusu dakika, tukarudisha chaja. Wapi! Tukawasha huku tukigonga F2 (mashine nyingine hutaka F10, Esc au Delete) tukaingia katika BIOS. Diski ilikuwa imeandikwa pale, nzima. Lau isingeonekana, tungeshuku kwamba imelegea au imekufa.

Lakini tazama tarehe: mashine ilidhani tuko miaka mingi nyuma! Hapo nikamwelewa mgonjwa wetu. Ndani ya mashine kama hiyo mna kibetri cha duara kama shilingi, kinachotunza saa na maagizo wakati umeme haupo. Kilikuwa kimekwisha. Betri kubwa ilipotolewa, maagizo yote yalisahaulika, na mashine ikarudia desturi ya kiwandani, yaani kuanza kwa njia ya UEFI. Diski yake ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani, MBR, na Windows yake ilitiwa kwa njia ya zamani iitwayo Legacy. Wawili hao hawakusikizana.

Mama alitaka tugeuze agizo mara moja. Nikamwomba subira. Tulichukua flashi yenye Ubuntu, tukaiwasha mashine kutoka humo bila kutia kitu katika diski. Kwa bahati njema, kijana alipotia Windows hakufuta diski, kwa hiyo faili za zamani zilikuwa zimewekwa kando katika folda iitwayo Windows.old. Folda hiyo haikai milele. Windows yenyewe yaweza kuiondoa baada ya siku kadhaa. Tulinakili hesabu zote katika flashi nyingine, mama akazifungua moja moja, akihesabu majina kwa vidole.

Ndipo tukanunua kibetri kipya, tukarudisha agizo la Legacy, na Windows ikaamka. Ingalikataa bado, tungeizima na kuiwasha mara mbili tatu mpaka ukurasa wake wa matengenezo utokee, tukachagua "Startup Repair". Na ikiwa mashine yako yaanza kisha yakwama njiani, jaribu "Safe Mode" katika ukurasa huo huo. Ikiamka huko, mara nyingi kosa ni la draiva fulani. Geuza jambo moja kwa wakati mmoja, uliandike, usije ukapotea katika marekebisho yako mwenyewe.

Nilimweleza pia kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mambo ya benki asiyafanyie humo. Kijana tulimwita, akaonyeshwa tarehe ile, akacheka kwa haya. Yeye ndiye aliyetia kile kibetri kwa mkono wake.

Flashi ya hesabu sasa iko kwa katibu, nyumba nyingine kabisa, na mama amenunua daftari jipya ananakili kwa kalamu kila Jumamosi. Kwaherini.