Bili ya Figo Moja, Faili Mbili



Wahitimu wa kumbukumbu za afya, wapo wanaosema kazi yenu ni ya makaratasi. Hebu tazameni upandikizaji wa figo. Siku hiyo hulazwa watu wawili: mgonjwa, na ndugu yake mzima aliyekubali kukatwa. Daktari mmoja anaitoa figo. Inaoshwa kwa maji ya dawa yaliyo baridi, mishipa yake inatayarishwa, kisha mwingine anaiunganisha. Kila upande una daktari wa usingizi, na baadaye daktari wa figo atamfuatilia mgonjwa miaka na miaka.

Jasho lote hilo linabanwa kwenye kifurushi kimoja cha bima. Enzi za NHIF, bima ya afya ya zamani ya Kenya, kilikuwa shilingi 500,000. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kuwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, italipa 700,000. Katika hospitali ya umma, madaktari wako kwenye mshahara. Katika hospitali binafsi, kila daktari huwa na bili yake, na zikipita kifurushi, familia ndiyo hujazia.

Linganisheni na Marekani: Medicare, bima ya afya ya serikali, ilianza kuwalipia wagonjwa wa figo mwaka 1973. Huko, bili ya daktari aliyeitoa figo ya mtu aliye hai hupelekwa kwa nambari ya bima ya mpokeaji, na mtoaji hadaiwi kitu. Hilo nalipenda mno. Mtu ametoa kiungo chake. Adaiwe nini tena?

Sasa fikirieni familia ya hapa Taveta. Imeuza ndizi sokoni Jumatano, ikauza Jumamosi, ipate nauli ya kwenda hospitali ya Kenyatta kule Nairobi au ya Moi kule Eldoret. Halafu dai linarudishwa kwa kuwa jina la mtoaji kwenye faili si lile la kitambulisho, au ripoti ya upasuaji haina sahihi. Hospitali inangoja fedha, familia inaitwa ofisi ya malipo. Inaniuma, kwa sababu ni kosa la dakika mbili.

Kwa hiyo, wanangu, kabla hamjatuma dai la mpokeaji, fungueni na faili ya mtoaji. Someni jina herufi kwa herufi. Hakikisheni idhini ya SHA ilitoka kabla ya upasuaji. Na daktari akisahau kusaini, mfuateni wodini kwa adabu, zamu yake ikiwa bado haijaisha.