VITI VYA WAKUBWA NA KURA ZA AFRIKA

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Yanapigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wengine wenu watasema ni la mabalozi, si la watu wa karakana na bohari. Lakini mkate ni jambo la nani? Mwaka 2024 Muswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Nchi nzima inajua yaliyofuata mwezi wa Juni: watu walikufa barabarani, na Muswada ukaondolewa. Serikali ilikuwa imefunga mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa tangu Aprili 2021, na humo iliahidi kuongeza mapato ya kodi. Hatusemi kwamba Shirika ndilo lililochagua mkate. Tunasema kwamba ahadi ilitolewa katika nyumba ambayo sisi hatuna kura ya maana ndani yake, kisha deni likaletwa mezani kwetu. Na wazee mliopo mtakumbuka miaka ya tisini, watumishi wa Serikali walipopunguzwa kwa maelfu kwa masharti ya mikopo ya namna hiyo hiyo.

Basi tuitazame nyumba yenyewe. Ilipangwa huko Bretton Woods, Marekani, mwezi wa Julai 1944. Mataifa 44 yalikuwako, na kutoka Afrika yote yalikuwa manne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, tena hiyo ya mwisho ilikuwa serikali ya Wazungu peke yao. Kenya ilikuwa koloni, na aliyetusemea alikuwa Mwingereza.

Ninyi nyote mnajua chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache, siku ya mkutano mkuu kila mmoja ana kura moja, na ndiyo sababu mfagizi aweza kumwangusha mwenyekiti. Katika Shirika la Fedha si hivyo. Kura hufuata mchango: mwenye fedha nyingi ndani ndiye mwenye kura nyingi. Labda mtu atasema, basi na Afrika iongeze mchango. Haiwezi! Mchango wa kila nchi hukatwa kwa kura za wale wale waliomo, na badiliko lolote la michango halipiti ila kwa asilimia 85 ya kura. Marekani peke yake ina karibu asilimia 16 na nusu. Pigeni hesabu wenyewe mwone kama jambo laweza kupita Marekani ikikataa.

Desemba 2023 ilipitishwa kwamba michango yote iongezwe kwa asilimia 50, kila nchi kwa kiasi kile kile. Hapo wanachama wa chama cha wafanya kazi hawahitaji mwalimu. Mwajiri anapoongeza asilimia moja kwa wote, meneja na mpakizi, nani amepata nini? Aliyekuwa juu amebaki juu, na pengo la shilingi limekuwa pana zaidi. Matunda ya mpango wa namna hiyo tulikuwa tumekwisha kuyaona Agosti 2021. Shirika liligawa fedha za akiba za thamani ya dola bilioni 650 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na mgawo ukafuata michango. Afrika yote, yenye watu zaidi ya bilioni moja, ilipata kama dola bilioni 33. Fedha nyingi zilikwenda kwa nchi ambazo hazikuwa na shida nazo.

Sasa mtatuuliza: si Afrika imepewa kiti kipya? Ni kweli. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zina viti vitatu katika Baraza la Wakurugenzi badala ya viwili. Hatukidharau. Zamani mkurugenzi mmoja alisemea nchi zaidi ya ishirini, na mtu wa namna hiyo hata kusoma makaratasi ya wote hawezi. Lakini kiti hakikuja na kura. Kura ni zile zile za nchi zile zile, ila sasa zimegawanywa kwa mafungu matatu. Tumeongezewa mdomo, uzito haukuongezeka.

Habari ya Baraza la Usalama mmeisikia redioni. Tangu 2005 Umoja wa Afrika unadai viti viwili vya kudumu vyenye turufu, na viti vitano visivyo vya kudumu. Bado ni mazungumzo, na leo hatutakaa hapo.

Tuje kwenye nyumba tunayoijua zaidi, yaani Shirika la Kazi Duniani, lililoanzishwa 1919. Katika mkutano wake wa kila mwaka huko Geneva kila nchi hupeleka wajumbe wanne: wawili wa Serikali, mmoja wa waajiri, mmoja wa wafanya kazi. Mjumbe wetu hupiga kura yake mwenyewe, hata Serikali yake ikinuna. Lakini tazameni Baraza la Utawala la Shirika hilo. Viti vya serikali ni 28, na kumi kati yake ni vya kudumu, vya nchi zinazoitwa kubwa kwa viwanda. Hakuna hata moja ya Afrika. Mwaka 1986 mkutano mkuu ulipitisha kwamba viti hivyo vya kudumu viondolewe. Sharti ni kwamba theluthi mbili za wanachama wakubali, na miongoni mwao wawemo watano wa wale kumi. Ndiyo kumwomba fisi atie sahihi afukuzwe buchani! India na Italia walikubali, lakini watano hawajatimia, na badiliko hilo halijaanza kutumika. Oktoba 2022 Bwana Gilbert Houngbo wa Togo aliingia kuwa Mkurugenzi Mkuu, Mwafrika wa kwanza. Tulifurahi sana. Ila yeye ni mtendaji, kura ziko barazani.

Sasa neno ambalo huenda halitawapendeza wote. Hata Afrika ikipewa viti kumi katika Shirika la Fedha, atakayetumwa ni mtu wa Wizara ya Fedha. Nani kati yetu amewahi kumwuliza mtu huyo alisema nini huko? Barua ya ahadi hutangazwa ikiisha kutiwa sahihi, kwa Kiingereza cha wachumi. Wako wanaosema tungoje kwanza wakubwa watengeneze mambo yao huko ng'ambo. Sisi hatukubali. Serikali ambayo haitusikilizi Nairobi itatusemea nini Washington?

Kwa hivyo kamati inaleta mambo mawili yapigiwe kura na tawi hili. Kwanza, barua yoyote ya ahadi ya mkopo ifike Bungeni na kwa vyama vya wafanya kazi kabla ya sahihi, nayo iwe kwa Kiswahili pia. Pili, mjumbe wa wafanya kazi arudipo kutoka Geneva alete taarifa kwa matawi, aseme alipiga kura gani, na aseme Serikali yetu inafanya nini juu ya lile badiliko la 1986. Katibu ameyaandika yote mawili. Mwenye la kuongeza ampe kabla ya mkutano wa mwezi ujao, na walio zamu ya usiku watume mtu.