Mzee na Nyumba Iliyomzidi

 

 Jumuiya imetaka lisemwe hadharani jambo ambalo hunong'onwa tu majumbani, nalo ni la mzee ambaye nyumba yake imemzidi ukubwa. Mume amekwisha fariki, watoto wako Maskati, Nairobi au Ulaya, vyumba vitano vina kufuli, bati lavuja, na bibi yuko peke yake katika chumba cha mbele. Wakimshauri ahamie pahala padogo, huonekana wanamfukuza. Wakinyamaza, huonekana wamemtupa. Basi yafaa kuwatazama waliotangulia katika jambo hili, kwa mema yao na kwa mabaya yao.

Katika Marekani, jimbo la Arizona, tarehe 1 Januari 1960, mjenzi aitwaye Del Webb alifungua mji wa Sun City, karibu na Phoenix, mahali palipokuwa mashamba ya pamba. Nyumba zake zilikuwa ndogo, za chini, zilizojengwa kwa ajili ya watu waliostaafu. Wengi walidhani hapana mzee atakayeacha nyumba yake ya siku zote na wajukuu zake akakae jangwani. Lakini siku tatu za kwanza walifika kiasi cha watu 100,000 kutazama. Webb hakuwauzia wazee pumziko. Aliwauzia shughuli: viwanja vya gofu, bwawa la kuogelea, vyumba vya kazi za mikono, na zaidi ya yote jirani wa rika moja. Apewe haki yake katika hili. Upweke hautibiwi kwa wingi wa vyumba, na mtu wa miaka 70 aliyepata wa kuzungumza naye asubuhi na jioni amepata neema kubwa.

Ama sharti la mji ule ndilo lenye maneno. Mtoto haruhusiwi kuwa mkazi. Huja kutembea, kisha huondoka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ilikataza wenye nyumba kuwakataa watu kwa sababu ya kuwa na watoto, lakini makazi ya wazee yakatolewa katika katazo hilo. Na kwa sheria ya mwaka 1995, yatosha katika nyumba 100 zinazokaliwa, 80 ziwe na mtu mmoja angalau aliyetimiza miaka 55. Matokeo yake yalionekana katika kura. Wakazi wa Sun City walikuwa pamoja na wilaya ya Peoria katika mambo ya shule, na kila ulipoletwa mkopo wa kujengea shule waliukataa, mara baada ya mara, hata mwishowe mji wao ukatengwa na wilaya ile. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu ambao asubuhi hawamwoni mtoto mwenye mfuko wa madaftari akipita mlangoni, na jicho lisiloona husahau.

Kando ya Sun City upo mji mwingine wa wazee, mdogo na wa zamani zaidi, Youngtown, ulioanzishwa mwaka 1954. Huko, katika miaka ya 1990, kijana mmoja aliyepata taabu kwao alikimbilia kwa babu na bibi yake. Mji ukasema umri wake haujafika, aondoke. Wazee wale wakakataa kumtoa, na shauri likapanda mpaka kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na mwaka 1998 masharti ya umri ya Youngtown yakaondolewa. Hebu msikilizaji alipime hili kwa mizani ya mtaa wake, Buyenzi au Nyamirambo au popote pale. Nyumba ya bibi isiyoweza kumlaza mjukuu aliyekuja usiku analia, hiyo ni nyumba ya nani?

Haifai hata hivyo kuruka na kusema kwamba kuhama ni haramu. Aya ya 23 ya Sura Bani Israil imewataja wazazi waliofikia uzee wakiwa kwa mtoto wao, ikakataza hata neno la kuonyesha kuchoka nao. Idadi ya vyumba haikutajwa. Mzee akitaka mwenyewe, kwa akili yake timamu, kuishi na wenziwe mahali padogo penye huduma, hapana wa kumlaumu. Lakini akiamuliwa jambo wakati amelala hospitali, akarudi akute vitu vyake vimefungwa, hapo pana dhulma, ijapokuwa huko anakopelekwa ni kuzuri. Na mtoto mwenye uwezo hawi huru kwa kulipa ada ya kila mwezi. Wajibu wa kumtunza mzazi mhitaji umebaki shingoni mwake, na kumzuru ni katika wema aliousiwa.

Tena si kweli kwamba makazi ya wazee ni jambo la Wazungu peke yao. Mjini Istanbul ipo Darülaceze, nyumba ya wasiojiweza, iliyojengwa kwa amri ya Sultani Abdulhamid wa Pili na kufunguliwa mwaka 1896. Ndani ya ua wake upo msikiti, na kanisa, na sinagogi. Humo walipokewa wazee, na pia watoto wachanga waliotupwa. Karibu zaidi, Unguja zipo nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na tangu Aprili 2016 serikali ya huko ilianza kumpa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni, mwanzo wake shilingi 20,000 kwa mwezi.

Limebaki la vitu, na hapa ndipo jamaa wengi hugombana. Nyumba kubwa ikiachwa, masinia, samadari, sanduku la njumu na misahafu ya marehemu haviwezi kuingia vyote katika chumba kimoja. Bibi husema: "Samadari ni ya binti yangu nikifa." Huo ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine wakiridhia. Akitaka binti aipate, na ampe sasa, akiwa mzima, na aikabidhi, kwani hiba haitimu ila kwa kukabidhi. Akingoja mpaka maradhi ya mauti, kipawa chake kitahesabiwa kama wasia. Na asimpe mmoja akawanyima wengine. Mtume alimwuliza babake Nuuman bin Bashir kama amewapa watoto wake wote mfano wa hicho, na alipojibu siyo, hakukubali kulishuhudia jambo lile.

Ama bei ya nyumba ikiuzwa, ni mali ya mzee. Mirathi haipo mtu angali hai, na watoto wanaogawana fedha hizo mbele ya macho yake wanagawana kisicho chao. Kwanza zitolewe za kula kwake, dawa yake na makazi yake kwa miaka aliyojaaliwa. Akitaka kutoa wakfu au sadaka, shauri lake. Na yote yaandikwe mbele ya mashahidi wawili kabla ufunguo haujakabidhiwa mnunuzi.