Kabla ya Kutoboa Ukuta: Waya wa Antena Uliomo Nyumbani Waweza Kubeba Dishi

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wakaazi katika baraza la mtaa mjini Malindi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wananchi ambao hawakuweza kufika.



Kenya ilipozima mitambo ya matangazo ya analogi mapema mwaka 2015, baadhi ya familia zilinunua ving'amuzi vya antena na nyingine zikaweka dishi. Lakini katika nyumba nyingi za zamani, waya wa antena ungali ukutani. Unateremka kutoka darini ndani ya bomba la plastiki na kutokea sebuleni kwenye tundu dogo karibu na soketi ya stima. Swali ambalo wakaazi wengi huuliza ni hili: je, waya huo unaweza kutumika kwa dishi, au ni lazima ukuta utobolewe upya?

Jibu ni kwamba mara nyingi unaweza, mradi upimwe kwanza. Asiyepima hulipa mara mbili, na wakati mwingine huhatarisha nyumba yake.

Mwalimu mmoja mstaafu, mkaazi wa mji huu, anaweza kueleza hayo vizuri. Alinunua dishi kwa pesa za pensheni ili atazame taarifa ya habari pamoja na wajukuu. Fundi aliunganisha dishi na waya wa zamani. Nusu ya stesheni zikaonekana safi, nusu hazikuonekana kabisa. Fundi akasema waya umeoza, akaleta drili apitishe mwingine. Tundu la pili lilipotobolewa cheche ziliruka na nyumba nzima ikawa giza. Drili ilikuwa imegonga bomba la nyaya za stima. Fundi hakuumia, lakini mwalimu alilazimika kumlipa fundi wa stima, akabaki na ukuta uliotobolewa na dishi lisilofanya kazi vizuri.

Wiki iliyofuata alikuja kijana mwingine. Hakuleta drili, alileta mita ya kupimia stima.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hata wewe waja kunivunjia ukuta?"

"La, mwalimu. Naja kuuliza waya kwanza. Ukuta hauna kosa."

Alipima nyuma ya king'amuzi akapata volti 18. Akapanda juu, akapima kwenye dishi na kupata volti 13 na kitu. Akaufuata waya darini mpaka akaona mahali ambapo mtu wa zamani aliunga nyaya mbili kwa kuzisokota na kuzifunga kwa utepe. Ndani ya utepe shaba ilikuwa imegeuka kijani. Alikata sehemu hiyo, akaweka viunganishi vya kukaza, na stesheni zote zikarudi. Waya wa ukutani ulikuwa mzima tangu mwanzo.

Waya mmoja, kazi mbili

Ili kuelewa kilichotokea, ni vyema kujua tofauti ya antena na dishi. Setilaiti za televisheni hukaa juu ya mstari wa ikweta, takriban kilomita 35,786 kutoka ardhini, na mawimbi yake hufika yakiwa hafifu mno. Dishi huyakusanya na kuyaelekeza kwenye kichwa kidogo kilicho mbele yake, ambacho mafundi hukiita LNB. Kichwa hicho huyakuza mawimbi na kuyashusha hadi masafa kati ya megahezi 950 na 2,150, ndipo yateremke ndani ya waya. Mawimbi ya antena ya kawaida ya dijitali hayafiki megahezi 700. Kwa hiyo waya ulioitosha antena si lazima ulitoshe dishi.

Tofauti ya pili ni umeme. LNB haina soketi yake. Hulishwa na king'amuzi kupitia waya uleule unaoleta picha. King'amuzi kikipeleka volti 13, LNB hupokea kundi moja la stesheni. Kikipeleka volti 18, hupokea kundi la pili. Ndiyo maana kiungo kibovu kikila volti chache njiani, LNB hudhani imeambiwa 13, na kundi zima hupotea. Mkaazi anayekosa nusu ya stesheni asikimbilie kulaumu dishi wala mvua. Kwanza akague viungo vya waya.

Jinsi ya kuukagua waya

Kwanza ni maandishi yaliyo juu ya ganda. Waya unaofaa dishi mara nyingi huandikwa RG6, na uzi wake wa katikati una unene wa karibu milimita 1. Wenye alama RG59 ni mwembamba zaidi. Waweza kufaa kwa safari fupi, lakini hupoteza mawimbi mengi ukiwa mrefu. RG6 mzuri hufanya kazi bila taabu kwa umbali wa mita 30 hivi, ambao unatosha nyumba nyingi. Waya wa simu wa zamani haufai kabisa kwa kazi hii.

Pili ni mita. King'amuzi kichomolewe na waya uachwe huru pande zote mbili. Uzi wa katikati na wavu wa nje visigusane hata kidogo. Mita ikionyesha vinagusana, kuna msumari uliopita au maji yaliyoingia. Kisha upande mmoja uzi na wavu viunganishwe kwa makusudi, na upande wa pili upimwe. Mita ikisoma omu chache tu, waya haujakatika. Ukaguzi huu hauchukui hata nusu saa.

Tatu ni vitu vilivyo njiani. Kikuza mawimbi cha antena, kile kiboksi kilichofungwa kwenye nguzo, hakipitishi masafa ya dishi na lazima kiondolewe. Vigawanyo vya zamani vya kupeleka antena vyumbani navyo viondolewe. Baadhi ya matundu ya antena ya ukutani huzuia umeme usipite. Tundu la namna hiyo libadilishwe, au waya uunganishwe moja kwa moja kwa kiunganishi cha kukaza kwa skrubu.

Huku pwani kuna adui wa ziada, nayo ni chumvi ya bahari. Viungo vya nje vifunikwe kwa mpira au utepe wa kuzuia maji, na waya uning'inie kidogo chini ya kiungo ili matone yadondoke badala ya kuingia ndani.

Antena na dishi pamoja, na televisheni ya pili

Wapo wanaotaka dishi bila kuacha antena, na waya ni mmoja. Inawezekana. Kipo kifaa kidogo cha kuchanganya mawimbi ambacho mafundi hukiita daiplekesa. Kimoja huwekwa juu kuunganisha antena na dishi, kingine chini kuyatenganisha tena. Kwa kuwa masafa ya antena na ya dishi hayaingiliani, yote hupita katika waya mmoja bila kugombana.

Televisheni ya pili yenye king'amuzi chake ni jambo jingine. Kigawanyo cha kawaida hakitoshi, kwa sababu king'amuzi kimoja kitaomba volti 13 na kingine 18, na LNB haiwezi kutii mabwana wawili. Njia ni mbili. Ya kwanza ni LNB yenye matundu mawili na waya wa pili. Ya pili ni LNB maalumu inayolisha ving'amuzi kadhaa kupitia waya mmoja, ikiwa ving'amuzi vyenyewe vimetengenezwa kuielewa. Mnunuzi aulize dukani kabla ya kulipa.

Mahali pa kuliweka dishi

Setilaiti zinazotumiwa kwa matangazo ya eneo hili haziko mahali pamoja. Kutoka Malindi, setilaiti iliyo longitudo ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini, nyuzi 84 hivi kutoka upeo wa macho. Iliyo nyuzi 7 mashariki iko upande wa magharibi, nyuzi 51 hivi. Kwa hiyo ile ya kwanza haizuiwi na nyumba ya jirani, bali huzuiwa na ukingo wa paa au tawi la mwembe lililo juu ya dishi. Ya pili inaweza kuzuiwa na mnazi ulioko magharibi. Dishi nyingi za nyumbani hupokea kwa mshazari, na uso wake huonekana umeinama kuliko setilaiti ilipo. Macho hudanganya. Kipimo cha mawimbi kilicho ndani ya king'amuzi ndicho cha kufuatwa.

Usalama kwanza

Mabibi na mabwana, picha nzuri haina thamani ya uhai wa mtu. Nguzo ya chuma isisimamishwe karibu na nyaya za stima za barabarani, wala mahali ambapo ikianguka inaweza kuzigusa. Mtu asipande paa lililolowa, wala asipande peke yake.

Waya wa dishi usipitishwe kamwe ndani ya bomba moja na nyaya za stima za volti 240. Palipo na haja ya kutoboa ukuta, stima izimwe kwenye swichi kuu, na mahali pasitobolewe juu, chini wala kando ya soketi kabla ya kujua nyaya zinapita wapi. Kazi yoyote inayogusa nyaya za stima ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. King'amuzi kichomolewe kabla ya kukaza au kulegeza kiungo. Radi zikianza, stima ichomolewe na waya wa dishi utolewe nyuma ya king'amuzi, lakini kabla dhoruba haijakaribia.

Wanaojenga sasa wanashauriwa kuweka mabomba tupu ya nyaya za televisheni, mbali na yale ya stima, na kuchora mahali yanapopita kabla ya plasta kupigwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na waya ni mali.

Kwa yule anayemwita fundi kesho, maswali ni matatu. Je, umeupima waya uliopo? Umepata volti ngapi kwenye dishi? Nyaya za stima zinapita wapi katika ukuta huu? Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa. Atakayeshika drili kabla ya kujibu, aambiwe angoje.

Mwalimu sasa hutazama taarifa ya habari jioni na wajukuu wake. Yale matundu mawili yameshazibwa, lakini rangi yake haijalingana na ukuta. Mgeni akiyaulizia, husema hiyo ndiyo ada aliyolipa kwa kutouliza mapema.