Anayeuguza si Mgeni



Mwaka 2021 mama yangu mdogo alilazwa, kifua kimembana, anapumua kwa mtungi wa oksijeni. Hospitali ilikuwa imezuia ndugu kutembelea wagonjwa kwa sababu ya mlipuko. Tangazo lilibandikwa getini, ndani ya nailoni lisiloweshwe na mvua, na chini yake palikuwa na meza ya kuacha chakula. Hotpoti zimepangwa juu yake, kila moja na kipande cha plasta nyeupe chenye jina la mgonjwa na namba ya wodi. Nikaandika jina letu, nikaacha uji, nikaondoka. Kesho yake asubuhi nafika na hotpoti nyingine, naikuta ile ya jana palepale. Uji umeganda.

Mlinzi simlaumu, na nesi simlaumu kabisa. Usiku ule alikuwa peke yake na wodi nzima ya watu wanaotweta. Angeacha mtungi upi ili aje getini kufuata uji? Na angeufikisha, nani angemwinua mama mdogo na kumshikia kikombe?

Lugha yetu inajua tofauti ambayo tangazo lile halikuijua. Kuna kwenda kumjulia hali mgonjwa: unafika saa kumi jioni na machungwa yako kwenye mfuko, unasema pole, unakaa kidogo, unaaga. Na kuna kuuguza. Anayeuguza hulala sakafuni kwenye mkeka kando ya kitanda. Anamgeuza mgonjwa ili mgongo usije ukachubuka, anamnawisha, anafua shuka, anakimbia famasi ya nje dawa ikikosekana dirishani, na saa nane usiku ndiye anayeona dripu imeisha akaenda kumwamsha mhusika. Katika hospitali zetu nyingi hiyo ni nusu ya huduma, na hailipwi na mtu. Likitokea gonjwa la mlipuko, mwenye machungwa na mwenye mkeka wanafukuzwa kwa karatasi moja. Wa machungwa aende nyumbani, sina neno. Lakini kazi ya mwenye mkeka amekabidhiwa nani?

Sisemi geti lisifungwe. Sisi tulioona Marburg ikiingia Kagera mwaka 2023, watu 9 wakaugua, baadhi yao wahudumu wa afya, na 6 wakafa, hatuna ruhusa ya kulichezea jambo hili. Marburg na Ebola hupita kwenye damu, matapishi, jasho na kinyesi, kwa hiyo humwendea kwanza yule anayefuta na kunawisha. Lakini kuna jambo lilionekana Kikwit, Kongo, mwaka 1995, ambalo natamani kila mganga mkuu alibandike ofisini. Watafiti walifuatilia familia za wagonjwa wa Ebola. Waliopata ugonjwa nyumbani wote walikuwa wamemgusa mgonjwa. Watu 78 walioishi nyumba moja na mgonjwa bila kumgusa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Maana yake kwa Ebola hatari iko kwenye kugusa. Kumtazama ndugu yako kupitia kioo na kumwita jina lake hakujaua mtu.

Beni, mji ulio Kivu Kaskazini nchini humohumo, walilifanyia kazi hilo. Mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini uliambukiza watu 3,470, na 2,287 walikufa kabla haujatangazwa kwisha Juni 2020. Watu wengi wa kule wanazungumza Kiswahili kama sisi. Waliona jamaa zao wakiingizwa kwenye mahema na watu waliojifunika mpaka macho, kisha wakaletewa maiti kwenye mfuko. Ukimwona hivyo mwanao wa kwanza, wa pili utampeleka? Wengine waliwaficha wagonjwa ndani. Na Agosti 2019 Profesa Muyembe, mwanasayansi wa Kongo aliyekuwapo tangu mlipuko wa Ebola wa Yambuku mwaka 1976, alitangaza dawa mbili zinazookoa wengi wakiwahi. Dawa haimfikii aliyefichwa chumbani.

Shirika la misaada ya tiba la ALIMA lilipeleka Beni chumba cha plastiki angavu, ukutani kukiwa na mikono mirefu ya glavu ambayo daktari huingiza mikono yake akiwa nje, akamhudumia mgonjwa. Mama anasogeza kiti, anaongea na mwanawe, wanatazamana. Na watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa walilelewa karibu na kituo na watu waliokwisha kupona Ebola, maana mwili wa aliyepona umejijengea kinga. Wao waliweza kubeba.

Sasa nawaambia wanaoandika miongozo yetu, maana najua mnasikiliza. Kwa magonjwa ya hewa, kila mgonjwa asiyejiweza apewe mtu mmoja wa kumuuguza, yuleyule, jina lake liwe kwenye daftari, afundishwe kuvaa barakoa na glavu, na zaidi afundishwe kuzivua, kwa kuwa kwenye kuvua ndipo wengi hujipaka uchafu. Kwa Marburg na Ebola asiguse, awekewe dirisha. Na pale kwenye meza ya hotpoti pawe na mtu ambaye kazi yake ni kuzifikisha, na simu moja ya wodi inayopokelewa.

Mama mdogo alitoka siku ya 11. Ndani ya gari hakuzungumzia oksijeni wala sindano. Aliuliza kwa nini hatukwenda. Nikamweleza habari ya geti, tangazo, meza, mlinzi, yote. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akageukia dirishani.

"Hata mmoja?"