Diploma zetu na kanivo ya Kadutu



Leo hatukuja kulalamikia serikali. Hiyo kazi tutaendelea nayo kesho, munatujua. Leo tunataka kujisema sisi wenyewe.

Wengi wetu hapa tulimaliza universite. Tuko na diploma, tumeifunga ndani ya plastiki ju mvua isiiharibu, na kila asubui tunazunguka na CV toka Ibanda mpaka Bagira. Kazi hakuna. Sasa mwaka jana wamama wa avenyu moja ya Kadutu walitukuta, wakasema: "Batoto yetu, nyinyi mulisoma. Mutusaidie kuandika dosie ya shirika letu." Tulifurahi sana. Mutu alihitaji kile tulichosomea!

Tukakaa siku tatu, tulikuwa sita, na kompyuta moja ya kuazima. Tukaandika kurasa 22 za Kifaransa kizuri, na malengo, na bajeti, kila kitu. Tukaomba feza ya kujenga vyoo vya watu wote, kwa sababu tulisikia kwamba wafadhili wanapenda vyoo. Wafadhili fulani wakajibu: tutakuja kuona. Kweli wakakuja. Wakamuuliza mama mwenye kuongoza: "Vyoo mutaweka wapi?" Mama akatuangalia. "Vyoo gani? Sisi tunaomba kanivo. Mvua ikinyesha, maji yanashuka toka juu na kupita ndani ya nyumba zetu."

Wageni wakafunga madaftari, wakaenda. Hawajarudi. Mvua kubwa iliyofuata ilibeba ukuta wa jiko la yule mama.

Haya ilitushika. Sisi tunaopiga kelele kwamba wakubwa wanaamua bila kuuliza raia, na sisi tuliamua bila kuuliza. Hatukumusomea mama hata ukurasa mumoja kwa luga anayosikia. Tulifanya sawa na wale washauri wa kulipwa wanaopita mutaani na gari, wanapiga picha, wanaandika ripoti, na wakaaji hawaioni hata siku moja.

Kiisha tukaanza kutafuta: kwingine watu wanafanya namna gani? Tukakuta historia ya Dudley Street, katika mutaa wa Roxbury, muji wa Boston, kule Marekani. Wandugu, musifikiri Marekani yote ni magorofa ya sinema. Kule Dudley nyumba nyingi ziliungua, na mingine ilichomwa kwa makusudi na wenye nyumba, wapate feza ya asiransi. Viwanja karibu 1.300 vilibaki wazi. Magari ya watu wa mbali yakakuja kumwaga taka pale usiku. Wakaaji walikuwa watu weusi, watu wa Cape Verde, Walatino na wazungu maskini.

Mwaka wa 1984 mashirika na wafadhili wakaanzisha mupango wa kuinua ule mutaa. Mwaka wa 1985 wakaita mukutano, wakaonyesha kamati waliyokwisha kutengeneza. Wakaaji wakasimama, wakauliza: kati yenu nani anaishi hapa? Ndani ya ile kamati wakaaji walikuwa kidogo tu. Wakakataa. Na wafadhili wakakubali kuipanga upya: wakaaji wakapata viti vingi kuliko wengine wote, na kila moja ya zile jamaa ine ikapata viti sawasawa.

Hawakuanza na ripoti. Mwaka wa 1986 walianza na taka: walipiga kelele mpaka muji ukafunga mahali pa kumwagia taka bila ruhusa. Hapo wakaaji wakaona kwamba umoja wao uko na nguvu. Ndipo wakachukua washauri wa kupanga muji. Lakini wale washauri walifanya kazi chini ya wakaaji, na mikutano ilitafsiriwa kwa Kiingereza, Kihispania na Krioli ya Cape Verde. Mupango ukatoka 1987. Mwaka wa 1988 muji ukalipa lile shirika mamlaka ya kuchukua viwanja vilivyoachwa, kwa kulipa wenyewe. Leo ile ardhi iko mikononi mwa shirika la wakaaji, na juu yake kuna nyumba ambazo bei yake haipandi ovyo.

Hatusemi tuige kila kitu. Kadutu haina viwanja wazi; kule kwetu nyumba zinapandiana mugongoni, na moto ukiwaka gari la kuzima halipati njia. Lakini lile swali moja tulibebe: nani anaishi hapa? Yeye ndiye bosi wa mushauri.

Kwa hiyo, vijana, kazi iko. Mashirika ya mitaa yetu yako na moyo, lakini yanakosa makaratasi. Sheria namba 004/2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida iko pale, lakini nani amewaeleza wamama kwa Kiswahili? Nani anawasaidia kuandika statuti, kupima urefu wa kanivo, kuhesabu simenti, kupeleka barua komini na kurudi na nakala yenye kolo ya mapokezi? Sisi tunaweza. Lakini tunajifunga mbele yenu hivi:

Hatutaandika neno kabla ya kukaa na wakaaji. Kila karatasi itasomwa kwa Kiswahili, na wataikubali ao kuikataa, kabla ya kuitia sahihi. Tukilipwa, kila mutu atajua ni ngapi na imetoka wapi. Na kila kazi tutaifanya pamoja na kijana ao mama wa palepale, ili siku tukiondoka, ujuzi ubaki.

Tulirudi kwa yule mama kuomba musamaha. Hakutukaripia. Alituletea daftari ya likelemba yao: majina, tarehe, kila franga mahali pake, hakuna kosa. Akasema: "Hesabu tunajua. Kifaransa ndicho tunakosa." Wandugu, ile daftari ilitufundisha kuliko kurasa zetu 22.

Dosie mupya tumeianza. Ukurasa wa kwanza uko na neno moja kubwa: kanivo. Wakaaji wenyewe waliichora, toka juu ya mulima mpaka chini, na kuonyesha kila nyumba ambamo maji yanaingia. Siku ya posho tunaenda kwa salongo kufungua pale palipozibwa na taka, bila kungoja mufadhili. Mwenye jembe alete jembe. Mwenye diploma alete diploma, lakini aje na masikio pia.